Shujaa mdogo wa hadithi ya picha mwenye nguvu zisizo za kawaida: tumwite nani kwa Kiswahili?

Mchoraji wa Kirumba

Wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo lililonisimamisha kazi kwa majuma sita sasa.

Ninachora hadithi ya picha ya matoleo kadhaa, na mhusika wake mkuu ni binti wa miaka 13 anayeitwa Kabula. Baba yake ni mvuvi wa dagaa hapa Kirumba, na mama yake huanika dagaa hao na kuwauza mwaloni. Usiku mmoja wa giza, mitumbwi yote ikiwa ziwani na taa zake zimetapakaa juu ya maji mithili ya mji wa pili uliojengwa mkabala na Mwanza, Kabula anainama kunawa miguu, akasikia watu wakizungumza chini ya maji. Tangu hapo husikia kila anapoligusa ziwa. Uwezo huo nimeufungamanisha na kalenda ya wavuvi wenyewe: hukua katika siku za giza na kufifia kadiri mwezi unavyokaribia kuwa mpevu, kipindi ambacho wavuvi wa dagaa hupumzika kwa sababu taa haziwezi kuwavuta samaki juu ya maji ambayo mwezi umekwisha kuyaangaza. Kwa hiyo nguvu za Kabula huwa kubwa katika usiku uleule ambao baba yake yumo hatarini. Nimekamilisha kurasa 32 za toleo la kwanza kwa penseli, na nusu yake nimekwisha kuzipitia kwa wino.

Nilipokwama ni kwenye neno. Nilianza kuipenda aina hii ya hadithi kwa kusoma mfululizo wa Kiingereza uitwao The Books of Magic, ulioandikwa na Neil Gaiman na kutolewa na kampuni ya DC katika vitabu vinne kati ya 1990 na 1991, kila kitabu kikiwa na mchoraji wake. Humo mvulana wa London mwenye miwani, Tim Hunter, anaambiwa kwamba anaweza kuja kuwa na nguvu kuliko wote wa zama zake, kisha anatembezwa katika ulimwengu huo kabla ya kuulizwa kama anautaka. Kiingereza kina neno linalomfaa mtoto huyo, "magician", na neno hilohilo humfaa mtu anayetoa sungura kofiani kwenye sherehe ya watoto, wala halimtishi mtu. Mimi nikiandika "mchawi mdogo", nimemhukumu Kabula kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Nikiandika "mganga", msomaji atatazamia tunguri, ramli na malipo. Nikiandika "mwanamazingaombwe", atadhani kwamba Kabula anawadanganya watu macho, ilhali anachokisikia ni cha kweli.

Nilijaribu kulipuuza tatizo nikaandika "Mchawi Mdogo wa Kirumba" kwenye jalada la nakala ya majaribio. Jirani yangu, mama mwenye heshima zake, aliikuta mkononi mwa mwanawe, akanirudishia bila kusema neno, na tangu siku hiyo mtoto yule haji tena kunitazama nikichora.

Ili mnielewe vizuri, nimtaje pia adui wa toleo hili. Ni ajuza aishiye peke yake juu ya miamba ya Mabatini, ambaye msomaji humwona mara ya kwanza kama macho mawili mekundu ndani ya moshi wa jiko. Ukurasa huo, ambao ni wa 19, ndio nilioufanyia kazi vizuri kuliko zote. Je, Kabula aitwe nani?

Mhariri Mstaafu

Ndugu Mchoraji, swali lako ni la lugha kabla halijawa la sanaa, nami nitakujibu kwa upande huo.

Lugha yetu imeyatenga mambo ambayo Kiingereza kimeyaacha yakae katika chungu kimoja. Kuloga ni kudhuru kwa siri. Kuganga ni kutibu, na hata kuunga kilichovunjika, kama tunavyosema kuganga mfupa. Mizizi hiyo miwili ni ya kale na imetapakaa katika lugha nyingi za Kibantu: Wasukuma husema balogi kwa maana ya walozi, na nganga ni mtu wa tiba hata kwa Wakongo walio upande wa pili wa bara. Sheria za nchi nazo zimefuata utengano huohuo, kwa kuwa Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928 chini ya Waingereza kwa ajili ya kuzuia na kuadhibu, ilhali Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua mganga na kumwekea utaratibu wa kazi yake. Kwa hiyo unapomwita mtoto mchawi katika Kiswahili, hukutaja uwezo wake, umemshtaki.

Kuna neno la kwenu huko, nfumu, ambalo Wasukuma humwitia mtabibu na mwaguzi. (Ukifika Malawi utamkuta mfumu akiwa chifu, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka.) Lakini nfumu ni mtu aliyeingia katika bufumu kwa wito wa wahenga na kwa kufundishwa dawa na nfumu mwenzake, na Kabula wako hajafundishwa na mtu yeyote. Litunze neno hilo kwa mtu mzima atakayekutana naye katika matoleo ya baadaye.

Pendekezo langu ni hili. Kabula ana tendo moja tu, nalo ni kusikia. Kiswahili huunda jina la mtendaji kwa njia ambayo kila mtoto anaijua bila kufundishwa: anayevua ni mvuvi, anayelinda ni mlinzi, anayejenga ni mjenzi, na kwa njia hiyohiyo anayeloga akawa mlozi. Anayesikia ni msikizi. Baba ni mvuvi na binti ni msikizi. Neno hilo limo katika lugha, halijachoshwa na matumizi, halimtishi mama wa jirani yako, na msomaji atajifunza maana yake mpya kadiri Kabula mwenyewe anavyojifunza.

Nakuonya pia kuhusu maneno "nguvu za giza", ambayo nahisi yatakujia kwa urahisi kutokana na hilo jambo la mwezi. Wewe utakuwa na maana ya giza la wavuvi, lakini msomaji atasoma nguvu za shetani. Sema "nguvu za siku za giza" au, bora zaidi, waachie wavuvi waseme tu kwamba "giza limeingia", kama wanavyosema kila mwezi.

Mzazi wa Nyegezi

Nimesoma maelezo ya Mhariri kwa makini na ninakubali kwamba ni ya kitaalamu, lakini sidhani kwamba kubadili jina kunabadili kitu chenyewe. Mimi hufundisha watoto katekisimu, na kila mwaka ninapokea mtoto anayekataa kulala kwa sababu ameambiwa kwamba mtu fulani wa mtaani kwao anaruka usiku. Watoto wa Mwanza hawasomi habari za nguvu hizi kama mtoto wa London anavyozisoma. Yule anajua kwamba ni hadithi. Huyu wa kwetu anarudi nyumbani na kuwakuta watu wazima wakizisadiki. Namwomba Mchoraji alifikirie hilo kabla ya kutafuta jina zuri. Sisemi aache kuchora, kwa maana mkono wake ni karama, lakini naomba ajiulize mtoto yule atakapofunga kitabu, atamtazama nani kwa hofu.

Nyamizi wa Magu

Nimeisoma mada hii mara tatu tangu asubuhi kabla ya kuamua kuandika, na ninaandika kwa sababu ya mstari wa mwisho wa swali, ambao Mhariri ameupita bila kuugusa, na ambao Mzazi ameukaribia bila kuutaja.

Macho mekundu ndani ya moshi wa jiko ni macho ya bibi yangu.

Kwetu Magu, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Usukuma, miti ilikwisha zamani. Bibi alipikia mabua ya mtama, mashina ya pamba na samadi iliyokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, mara mbili kwa siku, kwa zaidi ya miaka hamsini. Moshi wa samadi una ukali ambao mtu aliyezoea mkaa hawezi kuufahamu. Macho yake yaliwasha, yakavimba kope, yakawa mekundu na yakabaki hivyo. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba macho ya bibi zote duniani ni mekundu, kwa kuwa wote niliowafahamu walikuwa hivyo.

Kisha mtoto wa jirani akafa kwa homa, na jirani akaenda kwa mpiga ramli. Sitamtaja mtu huyo wala kijiji chake. Inatosha kusema kwamba alimwelekeza jirani kwa mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu, anayeishi upande jua linakotua. Kulikuwa na wanawake watatu wa namna hiyo upande huo, na bibi ndiye aliyekuwa na shamba zuri kuliko wenzake. Alipata habari kupitia kwa mtoto aliyetumwa kuchota maji, akatoka usiku bila viatu, akafika kwetu Mwanza baada ya siku mbili. Aliishi nasi hadi alipofariki kwa uzee, na shamba lile hakuliona tena. Mmoja kati ya wale wengine wawili hakuwahi kutoka.

Ndugu Mchoraji, sikulaumu. Najua kwamba umechora ulichokizoea, kwa sababu picha hiyo ya ajuza mwenye macho mekundu tumelelewa nayo wote. Lakini wanawake wazee wa mikoa hii wameuawa kwa mapanga kwa ajili ya picha hiyohiyo, na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya picha nyingine inayotoka katika ramli hizohizo. Mnamo Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, na sote tunafahamu kwamba tangazo halifiki ndani ya kichwa cha mtu. Kitabu cha picha hufika. Mtoto wa darasa la nne hatakumbuka kama Kabula aliitwa mchawi au msikizi. Atakumbuka ukurasa wa 19, kwa kuwa umesema mwenyewe kwamba ndio ulioufanyia kazi vizuri kuliko zote.

Mchoraji wa Kirumba

Dada Nyamizi, nimekaa na maneno yako usiku kucha. Bibi mzaa baba yangu naye alikuwa na macho ya namna hiyo, na sikuwahi kujiuliza sababu. Nilipochora ukurasa ule niliamini kwamba nimembuni ajuza yule kutoka katika mawazo yangu. Pole sana kwa yaliyompata bibi yako. Ukurasa wa 19 nimeuondoa mezani, lakini sasa hadithi yangu imebaki na tundu katikati, kwa maana toleo zima lilikuwa linaelekea kwa ajuza huyo. Je, niondoe kabisa habari ya adui?

Msomaji wa Igoma

Usiiondoe kwanza. Mimi ni msomaji wa hadithi za picha tangu enzi nilizokuwa nikikata vibonzo vya Chakubanga katika gazeti la Uhuru na kuvibandika daftarini, baadaye nikawa mfuasi wa jarida la Sani, kisha wa Kingo, na jambo ambalo limenikera kwa miaka yote hiyo ni kwamba sisi tuna mkono mzuri wa kuchekesha na kukosoa, lakini hadithi ndefu ya nguvu za ajabu tumeiachia filamu, ambako kila anayeingia na kaniki nyeusi ni wa kuogopwa. Kazi yako inaweza kuanza kuliziba pengo hilo.

Ninaufahamu vizuri mfululizo ulioutaja, na kuna jambo ndani yake ambalo linafanana na aliyoyasema dada Nyamizi kuliko unavyodhani. Wanaomjia Tim Hunter ni watu wazima wanne: Phantom Stranger anamwonyesha yaliyopita, John Constantine anamwonyesha wenye nguvu hizo walio hai wakati huo, Doctor Occult anampeleka katika nchi zisizo za binadamu, na Mister E, ambaye ni kipofu, anampeleka katika yajayo hadi mwisho wa wakati. Lakini kabla ya safari hizo zote wanajadiliana kuhusu mtoto huyo, na Mister E anashauri auawe kabla hajakua, kwa sababu ya kile anachoweza kuja kuwa. Mtoto hajatenda lolote, naye tayari amepigiwa ramli. Hofu ya kitabu inatoka hapo, kwa mtu mzima mwenye hakika ya kupita kiasi kuhusu mtu asiyemjua, wala hahitajiki kikongwe wa kutisha. Jifunze hilo kwake, kisha uache London ibaki London.

Kwa upande wa mashindano ya nguvu, ambayo msomaji kijana atayataka, unayo mali ya nyumbani ambayo hakuna mwingine anayo. Nenda Bujora, pale Kisesa, katika makumbusho ya Wasukuma, na ikiwezekana uende mwezi wa Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo. Utaona Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma. Wasukuma husimulia kwamba makundi hayo mawili yalianzishwa na wacheza ngoma wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na kila mmoja alikuwa na dawa zake. Namna ya kushindana ndiyo iliyonivutia: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, watazamaji wakiwa huru kuhama, na lile linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Kila ningi, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, hutafuta bugota, yaani dawa, ya kuwavuta watu upande wake. Sasa fikiria ukurasa wa kukunjua, umati wa maelfu ukionekana kutoka juu, ukihama kama maji kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine, na Kabula akiwa katikati, yeye peke yake akisikia kinachowavuta. Hakuna damu wala ajuza, na msomaji hatapumua. Mimi ningenunua toleo hilo kwa bei yoyote.

Jambo moja nililobaki nalo ni gharama. Hujatuambia Kabula analipa nini kwa uwezo wake. Uwezo usio na gharama huchosha kufikia toleo la tatu.

Mzee wa Nansio

Vijana, amani iwe kwenu. Mimi nipo Ukerewe, nimefundisha shule za visiwani hadi nilipostaafu, na ijapokuwa mimi ni Mkerewe, hadithi ninayotaka kuwakumbusha ni ya jirani zetu Wasukuma, ambao wengi wenu ni watoto wao na naona mmeisahau.

Zamani lilitokea zimwi lililoitwa Shing'weng'we, likawameza watu wote na mifugo yote duniani, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, jina ambalo ndani yake mna akili na kufundishwa. Mtoto alipokua akauliza watu wako wapi, mama akamweleza. Akaanza kulitafuta zimwi. Siku moja akarudi na panzi, akisema, mama, nimemuua Shing'weng'we. Mama akamwambia, mwanangu, huyo ni panzi tu. Siku nyingine akaja na ndege, siku nyingine na mnyama wa porini, na kila mara mama alimjibu vivyo hivyo. (Mchoraji, hapo una kurasa nne zilizokwisha kupangwa na bibi zetu, kila moja na kiumbe kikubwa kuliko cha kwanza na mtoto mwenye hakika ileile usoni.) Hatimaye akakutana na Shing'weng'we mwenyewe, akamuua, akampasua mgongo, na watu wote wakatoka wakiwa hai, baba yake akiwamo.

Wengi huishia hapo wanaposimulia. Wazee hawakuishia hapo. Masala Kulangwa alipokuwa akipasua, kisu chake kilikata sikio la kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Kikongwe yule akakasirika sana, akamtukana, akatafuta namna ya kumloga. Watu wakamlinda kijana wao. Na Masala Kulangwa alifanya nini? Alitafuta dawa, akamtibu yule bibi sikio lake. Baada ya hapo ndipo watu walipomfanya mtemi.

Niliisimulia hadithi hiyo darasani kwa miaka mingi, na kila mwaka mtoto mmoja aliuliza kwa nini hakumuua kikongwe, maana alikuwa anataka kumloga. Niliwajibu kwa swali: sikio lilikatwa na nani? Darasa lilikuwa likinyamaza.

Kwa hiyo, kijana wangu, gharama anayoitafuta Msomaji wa Igoma ipo, na kikongwe wako yupo, ila umewapanga kinyume. Kabula wako anasikia. Anayesikia chini ya maji husikia nusu, kama sisi sote tukiwa tumezama. Ukimfanya asikie neno, alielewe vibaya, na alitamke mbele ya watu wazima walio na msiba na hasira, basi kisu kimeteleza. Toleo la pili liwe la kutafuta dawa ya sikio.

Nina ombi moja zaidi. Ukichora ziwa, utafika mahali ambapo utashawishika kugusa ajali. Mimi nilikuwa hai tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, na nilikuwa hapa kisiwani tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara. Watu wale hawakuchukuliwa na kitu kinachoongea chini ya maji. Vyombo vilijazwa kupita uwezo wake. Usiruhusu msikizi wako asikie chochote kuhusu maafa hayo, hata kwa fumbo, kwa sababu sauti yoyote utakayoiweka pale itawapunguzia mzigo waliopaswa kuubeba. Yako mambo mengi ya ajabu katika maji haya na visiwa vyake ambayo hayana kaburi la mtu. Njoo Ukara ulione jiwe linalocheza.

Mzazi wa Nyegezi

Mzee, shikamoo. Hadithi ya sikio sikuwa nimewahi kuisikia hadi mwisho wake, na nimekulia Sengerema. Ikiwa hadithi ya picha itakuwa hiyo, nitaiweka mikononi mwa wanafunzi wangu mimi mwenyewe.

Mchoraji wa Kirumba

Shikamoo Mzee, na ninawashukuru nyote. Nimeamua yafuatayo, na ninayaandika hapa ili mnishike kwa maneno yangu.

Jalada litasomeka "Msikizi", bila neno jingine. Kurasa 18 za mwanzo zitabaki kama zilivyo. Kuanzia ukurasa wa 19, mtoto wa jirani anaugua, na Kabula, akiwa ameingiza mikono ziwani katika usiku wa giza kuu, anasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Mimi ndiye niliyempa." Anaitambua sauti kuwa ya bibi wa kule miambani. Anakimbia kuwaambia watu wazima, kwa nia njema kabisa, na ukurasa wa mwisho wa toleo ni wanaume wakipanda miamba ya Mabatini na tochi huku Kabula akiwa ameachwa chini. Katika toleo la pili anarudi majini na kuisikia sentensi nzima: bibi alikuwa amempa mtoto maji ya kunywa, kwa sababu alimkuta njiani akiwa na homa na hakuna mwingine aliyesimama. Kabula anafika juu kabla ya watu wale au baada yao. Hilo bado sijaliamua, na ninaogopa kuliamua. Vyovyote iwavyo, atakuwa na kazi ya kutafuta dawa kwa matoleo mengi, na Bujora itakuwa mahali pa kwanza atakapokwenda kuitafuta. Ajali za meli sitazigusa.

Dada Nyamizi, nina ombi kwako, na ukilikataa nitaelewa. Nitamchora bibi huyo upya, na safari hii sitaki kumtoa kichwani kwangu. Ungeniambia jiko la bibi yako lilikuwaje?

Nyamizi wa Magu

Lilikuwa la mviringo, kuta za udongo, paa la nyasi lililoshuka chini kiasi cha mtu mzima kuinama ili aingie. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, na nyuma ya mafiga lundo la mabua lililofika kiunoni kwangu. Moshi haukuwa na pa kutokea ila mlangoni na katika mwanya kati ya ukuta na nyasi, hivyo ukuta wote wa ndani ulikuwa mweusi na uking'aa kama uliopakwa mafuta. Alikuwa na kigoda kifupi cha miguu mitatu. Hakukaa nacho karibu na moto kama watu wanavyodhani. Alikiweka kizingitini, mgongo ukiwa ndani na uso nje, apate hewa, na kila baada ya muda aligeuka kusukuma bua ndani kwa mguu bila kutazama. Khanga yake alikuwa akiikunja pembe moja na kuichovya katika bakuli la maji lililokaa chini kando yake, kisha akajifuta macho, la kulia kwanza.

Mchore akiwa hapo mlangoni, mchana, jua likimpiga usoni. Ukimaliza, naomba niuone ukurasa huo kabla hujautia wino.